Kitufe cha Alama za Kifaransa

Pale Malaba nilikuwa mimi peke yangu niliyeweza kupiga taipu karatasi za Kifaransa, na nilijiona mtu. Lugha yenyewe sikuijua hata salamu. Nilijua alama zake. Mashine yetu haikuwa nazo, kwa hiyo nilipiga e, nikarudi nyuma hatua moja, nikaiwekea ritifaa, ile ya ng'ombe, kichwani. Mkia wa c niliutoa kwa koma. Zile zinazolalia upande wa pili nilizimalizia kwa kalamu. Wafanyabiashara wa Kongo walinisubiri mimi hata ofisi za jirani zikiwa tupu. Mmoja wao, mzee aliyepeleka mitumba Goma, alipitisha kidole kila mstari, na alama moja ikikosekana alinirudishia ukurasa.

"Mama, bila hii watanikataa mpakani."

Nilimwamini.

Kisha mwenye ofisi yetu ya taipu akanunua kompyuta. Akatangaza kwamba atakayeweza kuandika Kifaransa juu yake ndiye atakayebaki. Alitangaza kana kwamba tulikuwa wengi, na mpiga taipu nilikuwa mimi tu. Fundi kutoka Kisumu akaiwekea Linux, programu ya kuiendesha, kwa kuwa, alisema, hiyo ni ya bure.

Siku ya kwanza niliaibika. Vidole vilifuata njia yao: e, rudi nyuma, ritifaa. Kumbe kwenye kompyuta kurudi nyuma ni kufuta! Na mpiga taipu aliyefunzwa haangalii anachopiga, macho hubaki kwenye mswada. Ukurasa mzima ulitoka ritifaa zikining'inia hewani, e za chini yake zote zimefutika. Fundi alicheka mpaka akaketi. Mimi sikuona cha kuchekesha, maana kiti changu ndicho kilichokuwa kinaondoka.

Nilimng'ang'ania hadi akasema dawa ipo. Kulia kwa kibodi kuna kitufe chenye picha ya dirisha, hakina kazi. Unaandika mstari mmoja kwenye faili, unaiambia mashine kwamba kuanzia leo hicho ni cha kuunganisha alama na herufi. Ukikibonyeza, kisha ritifaa, kisha e, herufi inatoka na alama yake kichwani. Nilikataa aniandikie. Alinitajia, nikaandika kwa mkono wangu. Herufi ya kwanza ilipotokea kwenye kioo, nilipiga kelele ya furaha kama mtoto. Mwenye ofisi alikuwa amesimama nyuma yangu, anatazama.

Wiki iliyofuata alimleta binti wa dada yake kutoka Nambale.

"Si ni kitufe tu, mama? Muonyeshe huyu pia."

Nilimuonyesha. Kabla ya chai ya saa nne alikuwa ameshajua. Jioni nikaambiwa ofisi ni ndogo, haitoshi watu wawili. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu. Wangu alikuja, mwenyeji nikatimuliwa.

Kabla sijainuka nilifungua ile faili nikaufuta mstari wangu. Sijutii mpaka leo. Nilitaka karatasi zikataliwe, malori yakwame, mwenye ofisi aje mwenyewe nyumbani kwangu Burumba kunibembeleza. Nilikuwa hata nimepanga nitakavyomjibu.

Hakuja. Nikaanza kupika katika hoteli ya shemeji yangu pale Busia, na huko ndiko yule mzee wa mitumba alikonikuta, akitoka safari. Sikumwachia hata anawe mikono, nikamwomba karatasi zake. Akazitoa mfukoni. Hazikuwa na alama hata moja, herufi zote vipara, hata kalamu binti hakujisumbua kushika. Na juu yake mihuri ya kila mpaka, hadi Goma.

"Hawakukukataa?"

"Mama, wale hawasomake. Wanapiga tu muhuri."

Alipofika nusu ya samaki wake akaomba aongezewe ugali. Nikamletea, nikasimama pale nikimtazama anavyotafuna, na nilimchukia kuliko hata mwenye ofisi. Yule alininyang'anya kiti. Huyu, samaki mdomoni, alikuwa amechukua miaka yote niliyokikalia.