Makunyanzi ya Bibi

Nilipokuwa bado mtoto wa kupakwa mafuta kwa mkono wa mtu mwingine, mkono huo ulikuwa wa bibi yangu. Ulikuwa laini. Nasisitiza hilo kwa sababu bikizee wa Shinyanga wa miaka ile, aliyelima pamba, akasaga mtama juu ya jiwe na kufukua maji kwenye mchanga wa mto mkavu, hakutarajiwa kuwa na mkono laini. Mkono wake ulitakiwa uwe kama gome la mgunga. Wa bibi haukuwa hivyo, na nusura auawe kwa ajili yake.

Watu walimwita Mama Shija, kwa jina la mama yangu. Mimi na mama tuliishi kwake kwa sababu baba alikuwa Maganzo, akitafuta almasi ambayo mpaka leo haijampata.

Siku hizi wanaiita skin care na kuiuza kwenye vichupa. Huku Kambarage, mjini Shinyanga, ninakoishi kwa shangazi, digrii yangu ikiwa imelala chini ya godoro, wadada wa mtaa wananiuliza mimi msomi ni krimu gani inayozuia uzee. Bibi yangu hakuwahi kuiona krimu. Alioga kabla jua halijapata nguvu, akasugua visigino kwa jiwe, na kabla maji hayajamkauka mwilini alijipaka samli aliyoitengeneza mwenyewe kwa kusukasuka maziwa kwenye kibuyu. "Paka ngozi ikiwa mbichi," aliniambia huku akinigeuzageuza kama andazi. "Ikishakauka inanuna." Jua la saa sita hakulipa nafasi, alijifunika kaniki kichwani au alikaa kivulini mwa ghala la mtama. Alikunywa maziwa ya mgando, alitafuna karanga. Basi, full stop. Hakuna siri nyingine, na hilo naliandika nikiwa na hasira, maana kuna watu walitaka kumfukia kwa ajili ya siri hiyo.

Mwanzoni ilikuwa ni utani. Kisimani akina mama walimwambia, "Mama Shija, hebu tuambie, kati yako na Shija nani alimzaa mwenzake?"

"Muulizeni yeye," bibi alijibu. "Mimi nilikuwa nimelala."

Walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Lakini hata katika kicheko kile kulikuwa na kitu chini yake, kama tope chini ya maji safi. Kwetu iliaminika kwamba uzee haupotei. Makunyanzi yakishaandaliwa kwa ajili ya mtu, lazima yakae mahali. Ukimwona mzee asiye nayo, basi kuna mtu fulani anayabeba kwa niaba yake, na mtu huyo hajui. Niliisikia habari hiyo nikiwa mdogo sana, jinsi mtoto anavyosikia kwamba moto unaunguza.

Halafu ikaja ile miaka ya mwanzo ya themanini. Sabuni ikawa hadithi. Duka la kijiji lilikuwa na rafu, mwuzaji na kufuli. Tulifua kwa majani ya mpapai, mafuta ya kupaka tuliyasikia kwa wenye ndugu mjini, na kijiji kizima kikapauka. Ukimkwaruza mtu kwa ukucha ungeweza kuandika jina lake juu ya mguu wake. Katikati ya mpauko huo alipita bibi yangu, mwenye ng'ombe wake wawili wa maziwa, anang'aa.

Mwaka uliotangulia, bikizee mmoja wa kijiji cha jirani alikatwa mapanga kwa kosa la kuwa na macho mekundu. Macho mekundu! Kuni zilikuwa zimekwisha, wanawake wakapikia samadi ya ng'ombe iliyokauka, moshi ukayala macho yao maisha yao yote, kisha wakauawa kwa sababu ya moshi huo huo. Mama alimshukuru Mungu kwamba macho ya bibi yalikuwa meupe. Hakuna aliyekumbuka kuogopa ngozi.

Mvua haikunyesha. Nyumba ya pili kutoka kwetu alikuwapo mtoto wa kike aitwaye Kabula, jina tunalompa aliyezaliwa wakati wa mvua. Alikuwa ameanza kutembea. Alipata surua, surua ikamwachia kuhara, na kuhara kukamwachia mifupa. Mimi nilitumwa huko adhuhuri moja kuomba kaa la moto. Ua ulikuwa kimya, jua limesimama katikati ya kichwa, kuku wamelala na midomo wazi. Kizingitini aliketi kizee mdogo sana, hata urefu wa kibuyu hakufika, akanitazama.

Sijui nilisimama kwa muda gani. Mashavu yalikuwa yamezama, paji la uso lilikuwa na mikunjo, na ngozi ya mapaja ilining'inia kama kaniki iliyosahauliwa juani. Macho hayakuwa ya mtoto. Yalinitazama kama yanayonijua tangu zamani na yamechoka kunijua. Nilikimbia bila kaa la moto.

Kwa Kiingereza cha chuo hali hiyo inaitwa marasmus, yaani utapiamlo mkali wa njaa, na vitabu vyenyewe vinakiri kwamba mtoto huwa na uso wa kizee. Explanation ninayo, ajira ndiyo sina. Lakini siku ile hakukuwa na kitabu uani. Kulikuwa na kijiji, na kijiji kiliutazama uso wa Kabula kikaona kile ambacho mimi pia, nakiri, nilikiona: ulikuwa uso wa bibi yangu. Uso wa Mama Shija ambao Mama Shija mwenyewe hakuwa nao.

Hawakuja na kelele. Walichofanya ni kuacha kumwamkia. Vijana waliokuwa wakipita njiani na kuinama kidogo, "Shikamoo, bibi," sasa walipita wakitazama mbele. Mama alipomkaripia mmoja wao, kijana akajibu kwa upole wa kutisha, "Shikamoo ni ya wazee, mayu," yaani mama. "Huyu si msichana?"

Mama aliingia ndani akaketi chini. Yeye alielewa kabla yangu. Mtu aliyeondolewa shikamoo ameshaondolewa katika hesabu ya wazee, na damu ya asiye mzee haina uzito wa damu ya mzee.

"Mama, acha kupaka," alimwambia bibi. "Nakuomba. Jipake majivu. Pauka kama sisi."

"Nikipauka leo watasema nimejificha."

"Basi twende Maganzo kwa baba yake huyu."

"Nikienda Maganzo na mtoto akafa, watanifuata Maganzo." Bibi alikuwa akiifunga kaniki kiunoni. "Wewe umeshaenda kumwona yule mtoto?"

Tangu siku ya kaa la moto, hakuna mtu wa nyumba yetu aliyethubutu.

"Mmeniogopea mimi," bibi alisema, "na hakuna aliyemwogopea yeye."

Akatwaa kibuyu cha maziwa na chungu chote cha samli, akatoka mchana kweupe, tena akipita katikati ya njia. Mimi nilimfuata kwa sababu nilikuwa nimeshika ncha ya kaniki yake na vidole vilikataa kuachia.

Mama Kabula alisimama mlangoni, mwanawe kifuani. "Umekuja kummalizia?" aliuliza. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo baya zaidi. Alikuwa anauliza kweli.

"Nipe mtoto."

"Nogi!" mtu alisema nyuma yetu. Mchawi. Neno hilo kwa Kisukuma ni fupi, linatoka kama kikohozi.

Aliyekata shauri alikuwa Mzee Jilala, babu yake Kabula, mtu mrefu aliyezoea kusikilizwa. Hakumsalimu bibi. Alisema na Mama Kabula kana kwamba bibi hayupo. "Mpe. Aliyechukua ndiye ajuaye alipoweka. Akirudisha, vyema. Asiporudisha, hatutahitaji kumtafuta."

Bibi hakubisha. Hakusema "sikuchukua." Nimelifikiria hilo miaka yote hii. Alinyoosha mikono tu, akapokea ule mzigo mwepesi, tukarudi nao nyumbani.

Kilichofuata nilikiona kwa macho yangu kiangazi chote. Bibi alimlisha Kabula uji mwembamba wa maziwa kwa kidole, tone baada ya tone, kwa sababu kijiko kilimtapisha. Baadaye akautia samli kidogo, kisha karanga zilizosagwa. Asubuhi alimwosha, na akiwa bado mbichi alimpaka samli mwili mzima, akikunjua kila mkunjo kwa kidole gumba kama mtu anayenyoosha karatasi. Ng'ombe mmoja akakauka, wa pili akatoa maziwa ya kulowesha chini ya kata. Yote yakaenda kwa Kabula. Mimi sikupakwa tena. Bibi hakujipaka wala hakunywa maziwa. Alikula ugali wa mtama kwa mlenda, wakati mwingine ugali wenyewe aliniachia mimi. Na kwa kuwa mtoto alilia akiachwa, alimfunga mgongoni na kutembea naye hata juani, kaniki ya kichwani ikimfunika mtoto badala yake.

Kwanza ilikunjamana shingo. Kisha mikono, mkono ule niliouita wangu, ikaanza kukwaruza. Halafu mashavu. Ilikuwa kama kuangalia maji yakihamishwa kutoka chungu hiki kwenda kile. Kadiri paji la Kabula lilivyonyooka, la bibi lilijikunja, na nisamehewe, ilionekana kwangu kuwa ni mikunjo ile ile, hata ule mmoja uliopinda juu ya jicho la kushoto.

Mchana mmoja nilitoka kisimani nikawakuta wamesinzia kizingitini, mtoto juu ya kifua cha bibi. Kabula alifumbua macho kwanza. Alinitazama, akacheka, mashavu yake yamejaa na yanang'aa. Kisha bibi naye akafumbua yake, na uso ulionitazama ulikuwa ule niliouona siku ya kaa la moto. Nilidondosha ndoo. Bibi aliniita, "Ng'wanone, njoo," mwanangu, njoo, na mimi, ambaye mkono wake ulikuwa dunia yangu, sikuenda.

Siku ya kumrudisha mtoto walikusanyika wengi, wamesimama, wanaume mikono nyuma. Bibi alitembea polepole mpaka mbele ya Mama Kabula, akamfungua mtoto mgongoni, akamkabidhi, akasema neno moja.

"Nashosha."

Nimerudisha. Kwa Kisukuma ni hivyo tu. Neno halikusema ni nini kilichorudishwa. Ungeweza kulisema ukirejesha jembe uliloazima. Kila mtu pale uani alikuwa anamtazama Kabula, kisha bibi, kisha Kabula tena, na ungeweza kusikia vichwa vikikubali. Mama Kabula alipiga goti, machozi yakimtoka. "Shikamoo, mayu."

"Marahaba," bibi akajibu.

Na vijana nao, mmoja mmoja, wenye mapanga yao ya kufyekea kiunoni: shikamoo, bibi. Shikamoo. Shikamoo. Walimwamkia kwa heshima kubwa kuliko ile ya kwanza, heshima ya mtu kwa kitu kinachomtisha. Kesi ikaisha kwa kukiri ambako hakukuwa kukiri, na mshtakiwa akapewa uhai wake kama zawadi.

Aliishi miaka kadhaa zaidi na akafa kitandani pake, jambo ambalo katika kanda yetu, kwa mwanamke mzee, lilikuwa karibu ni anasa. Mvua zilirudi, ng'ombe wakazaa, samli ikawapo. Hakujipaka tena. Alinipaka mimi. Nikiwa darasa la saba, na ujasiri wa mtu anayekaribia kufaulu, nilimuuliza, "Bibi, siku ile ulirudisha nini? Mtoto au ngozi?"

Mkono wake ulisimama mgongoni mwangu.

"Hata wewe?" alisema.

Alimalizia kunipaka, akaosha mikono, akaenda kwa ng'ombe.

Nimekwenda chuo. Nimejifunza kwamba mtoto mwenye njaa hukunjamana na akilishwa hunyooka, na kwamba mwanamke wa umri ule akinyimwa mafuta, maziwa na kivuli kwa kiangazi kizima atazeeka kwa mkupuo. Nimefaulu mtihani wa mambo hayo. Serikali ikafunga ajira, nikapeleka karatasi zangu ofisi baada ya ofisi, hadi Geita, na ni huko, mtaani Kalangalala, ambako mwanamke kijana aliita jina langu kutoka upande wa pili wa barabara. Alikuwa Kabula. Amekuja kufuata dhahabu, anapikia wachimbaji, ana mtoto. Kutwa nzima anashinda kwenye moto na vumbi, na ngozi yake, wallahi, ilikuwa ikimeremeta.

"Dada, shikamoo. Mbona umechakaa hivyo?" alinitania, akaniketisha jikoni kwake, akaniwekea chai. Halafu akauliza, kwa wepesi tu, maana hakuna aliyemwambia kitu, "Eti bibi yako ndiye aliyenilea nilipougua? Mama husema alikuwa na makunyanzi kuliko wazee wote wa kijiji."

Nilitaka kumwambia. Nilikuwa na maelezo yote, ya kitabu na ya macho. Badala yake nikajikuta natazama shavu lake karibu mno, kama mtu anayetambua nguo yake imevaliwa na mwingine, na kifuani kulikuwa na sauti ndogo inayosema: rudisha.

Nikashusha macho kwenye kikombe. Walikuwa wapi wale watu wa uani, kama si humu kifuani mwangu? Nilikuwa nimewachukia miaka yote kwa kusoma vitabu, nikidhani kumchukia mtu ni kuwa mbali naye. Mtoto wa Kabula akaja akanishika goti. Mama yake akachovya kidole kwenye kopo la mafuta, akampaka usoni, taratibu, maji ya kuogea yakiwa bado hayajamkauka.

"Alikuwa mzuri," nilimwambia. "Bibi. Alikuwa na ngozi nzuri sana."

Kabula alinitazama akidhani natania.