Maswali Aliyokuwa Akiyafunga Mke Wangu

Mke wangu alikuwa mpiga chapa wa ofisi moja kwa miaka thelathini na moja. Kiingereza alikijua. Mimi shuleni sikukaa. Kusoma nilijifunza ukubwani, yeye akinifundisha kwa karatasi alizokosea kazini. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza majenereta.

Alipostaafu hakuweza kukaa bure. Binti yetu akamwonyesha tovuti moja ya maswali na majibu. Mtu anauliza kuhusu vyombo vya nyumbani, mashine, umeme, anayejua anajibu. Sharti ni moja, Kiingereza tu. Baada ya mwaka wakamfanya msimamizi, wa kujitolea. Swali likija kwa lugha nyingine analifunga, na likishafungwa mwenyewe hawezi kuandika tena chini yake. Nilimtania kwamba amekuwa mlinzi wa geti asiye na hata kirungu. Akasema afadhali yeye, geti lake lina watu.

Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mto mgongoni, miwani imefungwa kwa uzi wa cherehani. Ya Kifaransa, ya Kireno, ya Kiarabu, alifunga tu. Ya lugha yetu yalimchelewesha.

Na alipenda kuniuliza mambo. Tunakula, anauliza pasi ikinuka waya ina nini. Navaa viatu, anauliza kwa nini friji inatoa jasho nyuma. Niliona ni maneno ya wazee wawili waliobaki peke yao. Nikijibu kivivu alinijua. "Masikio yako umemwazima nani leo?"

Alikufa ghafla, akianika nguo. Moyo. Sitaongeza.

Wiki ya saba binti alikuja kupanga vitu vyake. Chini ya meza ya kompyuta akakuta madaftari manne. Akaanza kunisomea, kisha akaniangalia.

Yalikuwa maswali ya watu. Kila swali la lugha yetu alilinakili humo kabla ya kulifunga. Chini yake, kwa mwandiko wake ule wa kiofisi: Fundi anasema. Pasi, fundi anasema. Friji, fundi anasema. Kisha aliwaandikia wenyewe mistari miwili, chini ya tangazo la kulifunga swali, kwamba hapa ni Kiingereza tu. Kwenye jalada aliandika: Sheria inasema swali lifungwe. Haisemi mtu aondoke mikono mitupu.

Miaka sita nilikuwa nawajibu watu nisiowajua, mdomo umejaa chakula. Nilikaa chini.

Binti akasoma ukurasa wa mwisho. Tarehe ni siku nane kabla ya kifo. Mtu anayejiita Baba Pacha anasema mvua hazikatiki, jenereta linalowa nje. Akiliingiza koridoni na kuacha mlango wazi, kuna neno? Ndani wako sita.

Fundi anasema haina neno.

Nilikumbuka. Aliniuliza nikiwa na redio sikioni, mpira dakika za mwisho. Nilidhani anaulizia letu, lile bovu lisilo na injini, amechoka kuliona uani.

Jenereta haliwashwi ndani. Moshi wake una sumu isiyo na harufu. Mtu analala tu, haamki. Kila mteja wangu nilimwambia hilo kabla hajalipakia garini.

Nikamwambia binti amtafute. Swali lilikuwepo, limefungwa, jibu langu chini yake. Baada ya hapo Baba Pacha hakuonekana tena. Siku hamsini na saba.

Chini ya swali lililofungwa hapaandikiki, hivyo binti akafungua akaunti yake mwenyewe, akaanzisha mada mpya kwa lugha yetu: Baba Pacha, usiwashe ndani, mtakufa. Ukimtaja mtu hapo, taarifa inamfikia. Chai yetu haijapoa, msimamizi mwingine, sijui yuko wapi duniani, akaifuta. Kiingereza tu. Akaandika tena. Ikafutwa tena, na onyo juu. Binti akatukana, mbele yangu. Mimi nilibaki naikodolea macho ile kompyuta. Ndiyo kazi aliyoifanya mama yake kila asubuhi.

Mara ya tatu akaandika Kiingereza, maneno machache kama ya mtoto, na namba yake ya simu. "Namba haina lugha, baba," alisema. Hiyo ikabaki.

Siku tatu nilikuwa nawahesabu wale sita kichwani, nawapa umri.

Siku ya nne, adhuhuri, simu ikalia. Binti akaiweka mezani, sauti juu. Mwanamume, sauti kavu, akauliza yule mama yuko wapi. Binti akamwambia amefariki. Akatupa pole. Kisha akasema alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, lakini basi.

Nikainamia simu. "Mliokuwa ndani mko wangapi?"

"Nani mwenzangu?"

"Mume wake. Nijibu, baba. Mko wangapi?"

"Sita, mzee. Tuko wote."

Akaeleza. Waliliwasha koridoni jioni moja tu. Mama mkwe wake akaanza kutapika, pacha mmoja akaanguka bafuni. Jirani yao, mchomeleaji wa mageti, akawaburuta nje mmoja mmoja. Siku tatu hospitali. Aliporudi kwenye tovuti kumtukana mke wangu, hakuweza kuandika, swali limefungwa. Akaanzisha jingine, likafutwa.

"Namtafuta huyo fundi wenu mwezi wa pili huu," akasema. "Fundi gani yule?"

"Ni mimi. Mke wangu aliuliza vizuri. Sikuwa nasikiliza."

Nyuma yake nilisikia watoto, sufuria, na mngurumo. Mngurumo ule naujua kuliko sauti yangu.

"Limewaka hilo?"

"Limewaka, umeme umekatika tangu asubuhi. Lakini lipo nje sasa, usiogope. Nimelikinga mvua chini ya dirisha la jikoni."

"Dirisha liko wazi?"

"Jikoni si kuna joto, mzee."

"Lizime."

"Si nimekwambia lipo nje?"

"Lizime, baba. Moshi unaingia dirishani. Lizime kwanza, tutaongea."

Akaita mtu. Mlango ukagongana na ukuta. Binti alikuwa amenishika bega, nami sikio nimelilaza mezani karibu na simu. Mngurumo ukapungua, ukakohoa mara mbili, ukakatika.