Paa la Mwenye Nyumba, Moto wa Mpangaji

Siku yangu ya kwanza ya kazi, pale Shinyanga mjini, nilipewa fagio. Bi Mkubwa, mama wa asili ya pwani aliyekuwa na vyumba vya kupangisha karibu na stesheni, aliniambia nifagie ua mzima kisha nimweleze nimeona nini. Nikafagia. Nikamwambia nimeona taka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Umekwenda shule na bado huoni, mwanangu? Ukuta ule umeingia mchwa. Huo ni wangu. Sakafu ile imebanduka. Hiyo ni ya mpangaji. Kazi yako ni kujua kipi cha nani. Basi!"

Ndivyo nilivyoanza unyapara wa nyumba, yaani usimamizi, miaka ya ishirini ikielekea kwisha. Wakati ule mapatano yalikuwa ya mdomo. Mwenye nyumba alikuwa na paa, kuta na choo cha shimo. Mpangaji alikuwa na sakafu, aliyoisiriba mwenyewe kwa udongo na samadi ya ng'ombe. Alikuwa na mafiga yake. Na mlango ulikuwa wake pia. Msishangae. Mbao zilikuwa adimu, mtu akihamia alikuja na mlango kichwani, akihama aliondoka nao. Kumtoa mpangaji ilipasa umwambie mwezi unapoandama, apate mwezi mzima wa kutafuta pengine. Haya sikuyasoma popote, niliyasikia tu, na huenda mengine nimeyashika vibaya. Wazee wenzangu watanisahihisha.

Dhahabu ilipoanza kuvuta watu upande wa Geita, kaka yake Bi Mkubwa alijenga huko safu ya vyumba vya udongo na nyasi, akaomba nyapara. Nikapelekwa mimi. Tulimwita Mzee Hajji. Alikuwa mtu mwema, na nalitanguliza hili kwa makusudi, maana sipendi mtu achukiwe kwa sababu ya siku yake moja. Mpita njia hakukosa maji kwake. Mwezi wa Ramadhani watoto wa wapangaji, hata wasiokuwa Waislamu, walifuturu barazani pake.

Chumba cha mwisho alikaa Mama Shija, Msukuma, na mtoto wake mdogo. Mumewe alikuwa amekwenda kuchimba mbali zaidi, akamwambia, "Nikirudi nitakukuta hapa." Kodi yake haikuwa na kasoro. Lakini alikuja mnunuzi mmoja wa dhahabu, akakitaka chumba kile kwa kuwa kilikuwa pembeni na watu wasingeona nani anaingia kwake. Mzee Hajji akakubali, na mwezi ulikuwa umekwisha fika katikati.

"Mwambie nataka kutengeneza paa," aliniagiza.

Kweli paa lilivuja, sitasema uongo. Nilimkumbusha juu ya mwezi kuandama. Akaniuliza, "Nyumba yako?" Nikaenda kumpa Mama Shija ujumbe.

Asubuhi alikuja fundi wa kuezeka, Masanja, mtu wa maneno mengi.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia Mama Shija kwa Kisukuma, yaani umeamkaje, mama.

"Mwangaluka. Umekuja kunivua nguo?"

"Nimekuja kuivua nyumba. Wewe nguo zako nani azitamani, zimejaa moshi!"

Watu wakacheka, naye akacheka. Kisha Masanja akasema neno la kazi yake: "Zima moto, mayu, nipande."

Hapa niwaeleze. Nyasi za paa kuukuu ni kavu kuliko unga. Ukianza kuzifumua, vumbi lake na vipande vyake huanguka ndani. Kwa hiyo mafundi wa kuezeka walikuwa na sheria moja isiyovunjwa: aliyewasha moto auzime kwa mkono wake, atoke mlangoni aseme, "Umezima." Bila neno hilo hakuna fundi aliyekanyaga ngazi.

Mama Shija akasema, "Mimi napika."

"Tutangoja uive," alisema Masanja.

"Kikiiva hiki nina kingine."

Masanja alikaa chini akatoa ugoro. Kutwa nzima yule mama hakuuacha moto ulale. Kesho yake hivyo hivyo. Majirani wakawa wanampelekea kuni kwa siri, na mimi niliwaona nikatazama pembeni. Kama nilitenda haki kwa aliyeniajiri, sijui hata sasa.

Siku iliyofuata Mzee Hajji alikuja mwenyewe, kanzu nyeupe, kofia kichwani. "Fundi, panda."

"Moto haujazima, Mzee."

"Paa ni la nani?"

"Lako. Moto si wako."

Nilidhani atarudi nyumbani. Wallahi, yule mtu wa swala tano alikunja kanzu, akapanda ngazi, akaanza kuzing'oa nyasi kwa mikono yake, chini kukiwa na mtu na mtoto! Mama Shija alitoka na Shija mgongoni, akasimama nje, akapaza sauti: "Mzee, shuka! Kunawaka humu!" Naye akajibu, "Zima basi!"

Mama Shija hakuuzima. Hilo pia niliandike. Mtungi wa maji ulikuwa pale mlangoni, na hakuugusa.

Tulisikia mvumo kama wa upepo. Moshi ukapenya kwanza, kisha ulimi wa moto ukatokea pale alipokuwa amefumua. Mzee aliruka akaangukia rundo la nyasi mpya, pindo la kanzu likiwaka. Sote wanaume tuliganda kama vigingi. Aliyekimbia ni Mama Shija. Aliunyakua ule mtungi akammwagia Mzee maji yote, kuanzia kofia hadi viatu.

Chumba kiliungua. Vingine tuliviokoa kwa mchanga na matawi mabichi. Mlango wa Mama Shija ulibaki umesimama peke yake mbele ya majivu, na hakuna aliyecheka.

Shauri likaenda kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji aliye chini ya mtemi. Mzee Hajji alisema amechomewa nyumba. Mama Shija alisema ameunguliwa mali. Mwanangwa aliwasikiliza bila kukatiza.

"Nyasi za nani?"

"Zangu," alisema Mzee.

"Moto wa nani?"

"Wangu," alisema Mama Shija.

"Nani kakipeleka chake kwa mwenzake?"

Nilikuwa nimejiandaa kuitwa shahidi. Lakini Mzee Hajji aliinamisha kichwa, akasema, "Mimi."

Hukumu ilinishtua kuliko moto. Mzee akijenge upya chumba. Mama Shija, kwa kuwa maji aliyaona na hakuyamwaga kwa wakati wake, abebe maji yote ya kufinyangia udongo wa kuta. Na mpaka chumba kiishe, alale nyumbani kwa Mzee Hajji.

"Kwangu?" alisema Mzee.

"Mwezi haujaandama," alijibu mwanangwa.

Basi wakaishi nyumba moja, wakisalimiana "shikamoo" na "marahaba" kama wakwe. Chumba kilipokwisha, Mama Shija alitundika mlango wake, akaingia. Mnunuzi wa dhahabu alikuwa amekwisha pata pengine. Hazikupita siku nyingi Baba Shija akarudi, amekonda, akamkuta mkewe palepale alipomwacha.

Mwezi ulipoandama Mama Shija aliniita. "Mwambie Mzee mwezi huu ndio wa mwisho. Tunarudi kwetu."

"Baada ya yote hayo?"

"Nilimngoja mume wangu, amekuja. Kuondoka kwangu hakukuwa na shida, ndugu yangu. Nilikataa kuondolewa."

Niliendelea na unyapara mpaka magoti yalipokataa ngazi. Siku hizi vijana huniuliza, kati ya mwenye nyumba na mpangaji, mwenye haki zaidi ni nani. Nikiwaza sana nawaona wote wawili wana haki, na hofu hunishika. Najua tu kwamba siku ile nilimfikishia Mzee Hajji ule ujumbe, akasema, "Mwambie chumba ni chake akitaka." Nikarudi mbio kumwambia. Nilimkuta Baba Shija ameshika nyundo, anang'oa mlango.