Siku Kompyuta Yangu Ilipopotea Njia

Nina tabia moja ambayo mume wangu ameisema mpaka amechoka. Kitu cha mtumba kikiingia mikononi mwangu, lazima nimfute mwenyewe wa kwanza. Koti nitalipekua mifuko yote mpaka kwenye pindo. Sufuria nitaikwangua jina lililochorwa chini kwa msumari. Hapa Tunduma tuko wengi wa namna hii, kwa sababu nusu ya tulivyo navyo vimevuka mpaka vikiwa na historia ya watu wengine, na mzigo hatuuhesabu kuwa wetu mpaka tuusafishe. Mimi nimezidisha kidogo tu.

Kompyuta ya dukani kwangu niliinunua ng'ambo ikiwa imeshatumika. Nina duka la kuchapa kadi za harusi, kutoa nakala na kurekodi kwaya. Diski ya ile kompyuta ilikuwa imegawanywa sehemu tatu. Sehemu ya kwanza niliweka kazi za wateja. Ya tano ilikuwa ndogo, na ndani yake mlikuwa na makorokoro ya mwenyewe wa zamani. Ya sita ilikuwa yangu hasa: mfumo wangu wa Linux ulikaa humo, na nyimbo nilizorekodi. Msiniulize ya pili mpaka ya nne zilikwenda wapi. Diski za zamani zina hesabu zao.

Kati ya nyimbo hizo zilikuwamo za kwaya ya akina mama wa kwetu Mbozi, na anayeanzisha kila wimbo ni mama yangu mzazi. Walishuka siku moja kuja kurekodi, tukajifungia chumba cha nyuma, tukaziba dirisha kwa blanketi ili honi za malori zisituingilie. Mama aliimba, akanywa chai, akawahi gari kwa sababu kahawa ilikuwa imeiva shambani. Hakungoja hata kusikiliza. Miezi michache baadaye alifanyiwa upasuaji wa koo. Alipona vizuri, namshukuru Mungu kila siku, na leo bado anapalilia kuliko mimi, lakini sauti haikurudi. Mama yangu, aliyekuwa akiita mbuzi kutoka mlima wa pili, sasa hunong'ona.

Kwa hiyo sauti yake ilikuwa imebaki sehemu moja tu duniani, ndani ya mashine yangu, na mimi mjuzi wa kompyuta sikuwa nimetoa nakala. Jumapili zile nyimbo zilikuwa zizinduliwe kanisani, na kwaya ya akina mama wa ng'ambo ilikuwa imealikwa.

Ijumaa diski ikaniambia imejaa. Nikakumbuka ile sehemu ya tano. Nikaazima flashi ya fundi mwenzangu, nikawasha kompyuta kwa hiyo flashi, nikaifuta sehemu ya tano kwa raha zangu zote, kama mtu anayefagia uwanja siku ya sikukuu. Nikamrudishia fundi flashi yake. Alfajiri yeye na pikipiki yake wakaondoka kwenda Mkwajuni, na simu yake ikawa haipatikani.

Jumamosi asubuhi nikabonyeza kitufe. Kioo kikawa cheusi. Juu kabisa yakatokea maneno ya Kiingereza kwamba hakuna sehemu kama hiyo, chini yake neno la kuomba uokoaji na alama ndogo inayongoja uandike. Basi. Picha yangu ya mashamba ya kahawa haikutokea. Nilijua kwamba nimefuta kitu nisichopaswa kukifuta, na kitu hicho ni sauti ya mama yangu.

Nikaanza kutoa amri. Niliwahi kusoma kozi miezi sita, kwa hiyo nilifahamu kwamba kabla mfumo haujaamka kuna programu ndogo ya kuuamsha, na kwamba hapo kwenye kioo cheusi nilikuwa nazungumza na hiyo programu. Ina majina inayoyakumbuka, na kila jina limeshika jambo: moja linashika mzizi ulipo, yaani sehemu ambamo mfumo umekaa, jingine linashika njia ya kwenda kwenye faili zake. Amri ya kulipatia jina jambo jipya ni set. Nikaandika kwamba mzizi ni diski ya kwanza, sehemu ya sita. Nikaiambia ipakie kitu kinachoitwa normal, ambacho ndicho kinachoileta orodha ya kuwashia. Ikanijibu: hakuna sehemu kama hiyo. Nikarudia. Nikarudia kwa kugonga vitufe kwa nguvu, utafikiri vitufe ndivyo vina kosa. Sehemu ya sita ni yangu, nimeilipia, naijua! Hakuna sehemu kama hiyo. Kuna mteja aliingia kutaka nakala ya cheti, akaniangalia usoni, akatoka na cheti chake.

Mama akaingia saa nne, amebeba ndizi na maharage ya kijani, tayari kwa Jumapili. Akaketi kwenye benchi. Sikutaka kumwambia, lakini mimi nikikasirika huwa naongea peke yangu, na mama hajapoteza masikio.

"Unagombana na nani?" akaninong'oneza.

"Na huyu hapa, mama. Namwambia nyumba yake ilipo, hataki kwenda."

"Umemuuliza alikuwa anakwenda wapi?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nyumba yetu ya Mbozi iko pale njia inapogawanyika, na nimekua nikiona wageni waliopotea wakiingia uani. Mama hakuwahi kumwelekeza mtu kabla ya kumkalisha. Kiti kwanza, maji ya kunywa, kisha swali: ulikuwa unakwenda kwa nani, na ulielekezwaje? Alisema ukikimbilia kuonyesha njia kabla hujasikia ile aliyonayo kichwani, utampoteza mara ya pili. Mimi tangu asubuhi nilikuwa naamrisha tu. Kuuliza si ujinga, lakini kwa mtu wa hasira kama mimi ni kazi ngumu kweli.

Nikakumbuka kwamba set ukiiandika peke yake, bila kuipa kitu, haiamrishi chochote. Inakuonyesha majina yote na kila jina limeshika nini. Nikaiandika, nikabonyeza. Yakatoka majina machache, yote yakisema jambo moja: diski ya kwanza, sehemu ya sita. Kumbe tulikuwa tunakubaliana! Tulikuwa wabishi wawili tunaotafuta nyumba ileile.

"Anasema anakwenda namba sita," nikamwambia mama.

"Na hapo namba sita ipo?"

Nikaandika ls, amri ya kuonyesha vilivyopo. Ikaniletea diski yenyewe, sehemu ya kwanza, na sehemu ya tano. Nikaangalia mara mbili. Sehemu ya tano, ambayo niliifuta kwa mkono wangu. Sita haikuwepo.

Hapo nikaelewa. Ni kama sokoni kwetu, kibanda kimoja kikivunjwa wa nyuma wanasogea na namba zinaandikwa upya. Mwenye kibanda cha sita amekuwa wa tano, bidhaa zake zote anazo, ila mteja aliyeandikiwa sita kwenye karatasi atazunguka mpaka jioni. Sehemu yangu ilikuwa imesogea. Sikuwa nimemfuta mama.

Hata hivyo sikutaka kushangilia bila kuona. Nikaiambia ls inionyeshe ndani ya sehemu ya tano. Majina ya mafolda yakamwagika kiooni, na nililijua kila moja kama ninavyojua vyombo vya jikoni kwangu. Nikaandika polepole, kidole kimoja: mzizi ni diski ya kwanza, sehemu ya tano. Njia ya faili, vilevile sehemu ya tano, ndani ya folda ya boot, ndani ya folda ya grub. Kisha insmod normal, yaani pakia normal. Safari hii haikunijibu kitu, na ukimya kwa mashine hizi ni jibu jema. Kisha normal.

Orodha ikaja! Mashamba ya kahawa yakaja! Nikafungua folda, nyimbo zote zilikuwamo, hata ule ambao lori lilipiga honi katikati. Nilimnyanyua mama kutoka kwenye benchi, tukacheza kati ya mashine ya nakala na meza, ndizi zikaanguka. Nilipotaka kumwekea wimbo wake alikataa. Alisema atausikia kesho pamoja na wenzake, hawezi kuwatangulia. Nikazima kompyuta nikiimba.

Nikazima bila kukumbuka jambo moja. Unayoiambia programu ile kwenye kioo cheusi inayashika wakati umeme upo tu. Ukizima, yamekwisha. Nilipaswa, baada ya mfumo kuamka, kuiandikia anuani mpya ya kudumu. Furaha nayo ina usahaulifu wake.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Akina mama wa ng'ambo walikuwa wamefika na vitenge vya sare, wanaulizana habari na wetu kwa lugha ya kwao, "Mulishani, bamayo?" "Bwino!", huku wakipiga makofi ya heshima. Nikaunganisha spika kwenye kompyuta niliyoibeba kutoka dukani, nikabonyeza kitufe, na mbele ya watu wote kioo kikawa cheusi na kikaomba uokoaji.

"Wapendwa," mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti, "mitambo nayo inahitaji maombi." Watu wakacheka. Mchungaji akafumba macho, nadhani kwa dhati.

Nami nikacheka, na hilo lilinishangaza mwenyewe, maana siku nyingine ningetamani ardhi inimeze. Mama aliyekaa kiti cha karibu nami alinitazama, nikamtikisia kichwa kwamba najua. Nikaandika mzizi, nikaandika njia, nikaita normal. Haikuchukua dakika mbili. Orodha ilipotokea mtu alipiga kigelegele, wengine wakampokea, na safari hii nikatulia, nikaandika amri mbili za kuipa anuani ya kudumu, watu wakingoja. Waliongoja miezi wangeweza kungoja na hilo.

Kisha nikaweka wimbo wa kwanza.

Sauti ilianza peke yake, juu, bila woga, kama ilivyokuwa ikianza miaka yote ile kabla wengine hawajaidaka. Wa ng'ambo, ambao hawakuwa wanaujua wimbo, walianza kuyumba taratibu. Nilikuwa nalia, sioni haya kusema. Mama akanivuta mkono wa gauni, akaniletea mdomo sikioni.

"Anaimba vizuri sana huyu mama. Ni nani?"

Nilidhani ananitania. Nikamwangalia, hakuwa anatania. Aliimba miaka yote hiyo bila kujisikia kutoka nje hata mara moja.

"Ni wewe, mama."

Aliitazama spika, mikono imelala mapajani. Mshereheshaji akaja akininyooshea kidole kwenye saa yake, akaniashiria nipunguze sauti, mgeni rasmi ana hotuba na muda umekwisha. Nilikuwa nimeshapeleka mkono kwenye kitufe mama aliponishika kiganja. Alinyanyuka, akamgeukia mshereheshaji, na kwa ule mnong'ono wake ambao wa karibu tu ndio tuliousikia, akamwambia, "Ngoja kwanza, baba. Mwache huyo mama amalize."