Bahadur Huondoka Kabla ya Mwisho

Mume wangu Bahadur hajawahi kuona mwisho wa kitu chochote, na nasema hivyo nikiwa nimekaa naye miaka ishirini na sita. Filamu, haoni mwisho. Harusi za watu, tunatoka kabla ya biriani. Hata harusi yetu wenyewe, Nairobi, keki haijakatwa akaninong'oneza, "Shahnaz, twende, wageni wakianza kutoka hatutapata njia." Bibi harusi mzima nikakokotwa na gauni langu kupitia jikoni, wapishi wananitazama! Na jamatkhana, nyumba yetu ya ibada, ukitaka kuvijua viatu vyake usihangaike, ni vile vilivyo karibu kabisa na mlango.

Ukimuuliza, jibu analo. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa Mwanza, akaliuza na kuhamia Nairobi muda mfupi kabla majengo hayajataifishwa. Ndugu zake walimcheka, wakabaki, wakapoteza. Tangu hapo, katika ukoo ule, kuondoka mapema kukawa ndiyo akili. Bahadur alikuwa mtoto wa miaka saba, akalishwa hadithi hiyo pamoja na chapati. Nikimwambia haraka haraka haina baraka, ananijibu ngoja ngoja huumiza matumbo, basi tunamalizana hapo hapo.

Nisimwonee lakini. Anafanya kazi Brampton, huku ughaibuni tulikohamia, kwenye ghala la vipuri vya magari, na huondoka nyumbani kabla hata mabasi ya barabara yetu ya Don Mills hayajaamka. Binti yetu Naheed alipotaka kucheza hoki ya barafuni, kaka yangu alisema huo si mchezo wa wasichana wetu. Bahadur akamwambia akae na ya kwake. Naheed akawa kipa, na vifaa vya kipa ni mzigo wa punda. Bahadur ndiye aliyeubeba mgongoni, mwaka hadi mwaka, akampeleka mazoezini alfajiri, kwenye baridi ya kukata masikio. Mtoto yule hajawahi kusimama nje kungoja gari, na kila akipanda analikuta lina joto. Baba wa namna hiyo si wengi, nami najua.

Ila mwisho wa mechi hakai. Ikikaribia kuisha, funguo zinaanza kulia mfukoni, mguu unacheza, halafu utamsikia: "Nakwenda kupasha gari moto." Naheed alipokuwa mdogo alikuwa akimuuliza garini, "Baba, uliona mwisho?" Naye anamjibu, "Niliona, mwanangu, nilikuwa nimesimama pale mlangoni." Mtoto aliamini. Hata mimi niliamini, maana viwanja vingi vina milango ya vioo, na mwanamke mwenye kazi zake atampeleleza mumewe hadi lini?

Sasa Februari hii ilikuwa mechi ya mwisho ya Naheed chuoni. Timu yao ilitakiwa kushinda. Wakishinda wanasonga mbele, wakishindwa au wakitoka sare basi, msimu umekwisha, na kwake yeye ndiyo hoki yote imekwisha, kwa sababu mwezi wa tano anaanza kazi maabara. Asubuhi tulikuwa tunakunywa chai. Naheed Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza, ndivyo walivyo hawa wa kuzaliwa huku. Kwa Kiingereza chake akasema, "Baba, leo nakuomba ukae. Si mlangoni. Kitini, pembeni ya Mama, mpaka mwisho. Nikivua kofia nataka niwaone wote wawili."

"Nitakaa mpaka wazime taa," Bahadur akasema.

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Naheed si mtoto wa kuomba omba. Alivyofurahi, akamimina chai ya pili, na chai ya pili huwa hanywi.

Uwanjani tulikaa na Kangethe, jirani yetu hapa mtaani Flemingdon Park, Mkenya, nesi wa hospitali, baba yake Michelle. Michelle ni mshambuliaji wa timu hiyo hiyo na ndiye rafiki wa Naheed wa chanda na pete. Kangethe akishangilia, watu wa safu tatu mbele huinamisha vichwa. Mechi ilikuwa ngumu, jamani! Wale wasichana wa chuo kingine walikuwa wakubwa kama makabati, wanawasukuma wetu ukutani mpaka mbao zinalia, na refa anatazama pembeni. Wakafunga, tukarudisha. Wakafunga, tukarudisha. Naheed alizuia mipigo ambayo mimi nilikuwa nimeshafumba macho. Halafu katika kipindi cha tatu wakapata la tatu, la kizembe, limemgonga mtu mguuni likaingia. Tukawa nyuma, matatu kwa mawili.

Nikasikia funguo.

"Bahadur," nikamwambia, "leo usithubutu."

"Pale maegeshoni kuna njia moja tu ya kutokea, Shahnaz. Umeona magari yale?"

"Umeapa mbele ya mtoto!"

"Nitasimama mlangoni. Nitaona vilevile."

Nikamshika koti. Akalitoa mkononi mwangu taratibu, kwa upole kabisa, kama unavyomtoa mtoto anayeng'ang'ania shela, akapanda ngazi akaenda. Kangethe akajifanya anatafuta kitu kwenye simu. Mimi nilikaa pale nimejaa hasira.

Asiyejua mchezo huu nimweleze. Timu ikiwa nyuma kwa bao moja na muda unakaribia kwisha, kocha humwita kipa atoke, aende benchi, aingie mshambuliaji mmoja zaidi. Goli linabaki tupu. Ni kamari, lakini wote huicheza, na huicheza dakika za mwisho tu. Basi kocha akampungia Naheed mkono, naye akatoka golini mbio na madude yake yale, akakaa benchi. Wenzake sita wakawavamia wale makabati, vurugu, magongo juu ya magongo, na kile kidude cheusi wanachokiita paki kikamwangukia Michelle miguuni. Akakisukuma ndani. Tatu kwa tatu!

Kangethe alinibeba juu, mimi na unene wangu huu. Lakini sare ilikuwa haitutoshi, na kocha alijua, kwa hiyo hakumrudisha Naheed. Akaacha goli wazi vilevile tutafute la nne. Halikuja. Sekunde za mwisho kabisa, mmoja wao akapiga kutoka mbali, paki ikateleza uwanja mzima kuelekea goli letu tupu, ikagonga mwamba, ikatoka. Honi ikalia. Tumetolewa.

Naheed akasimama benchini akavua kofia. Akainua macho kwenye viti vyetu. Mimi nikapunga mikono yote miwili, nikapunga na skafu, ili paonekane pana watu. Halafu nikageuka nyuma kutazama mlango. Ulikuwa wa chuma, hauna hata tundu la kioo, na mlinzi amekaa mbele yake anakula chipsi.

Gari nililikuta lina joto, naam. Wasichana walibaki kuoga, waje na Kangethe. Bahadur akauliza, "Imeishaje?"

"Si ulikuwa mlangoni?"

"Shahnaz, tafadhali."

"Tatu tatu. Mwishoni paki imegonga mwamba wa goli letu. Tumetoka." Sikuwa na hamu ya kusimulia zaidi. "Naheed akikuuliza, mwambie ukweli."

"Nitajua la kusema," akanijibu, akakunja kona.

Kila baada ya mechi huwa tunakula kwa Ghulamabbas, mtu wa Tanga, mwenye kimgahawa chake karibu na kwetu. Mishkaki, mogo, yaani muhogo, wa kukaanga, chai ya tangawizi. Ghulamabbas mechi huitazamia kwenye simu huku anageuza nyama, kwa hiyo alitupokea tayari ana hasira zake. Kangethe na wasichana walipofika, mjadala ukawaka.

"Ile droo tumeibiwa," akasema Kangethe. "Refa alitunyonga mchana, wacha tu! Yule dada mrefu amemwangusha Michelle mara ngapi? Filimbi iko wapi?"

"Refa, refa!" Ghulamabbas akasema. "Bwana we, sare mmeitafuta wenyewe. Kipindi cha kwanza mlikuwa mmelala. Sare ya kusawazisha mwishoni tamu kinywani, tumboni shubiri. Mmetolewa na shangwe zenu."

"Wewe ulikuwa huku na mishkaki yako, hukusikia ile kelele. Mimi nimesahau kabisa tunatolewa, nimeshangilia kama mwendawazimu."

"Nami nililia," nikasema, na ni kweli.

Michelle alikuwa anakula kwa njaa na kucheka huku macho mekundu. Naheed, nywele bado mbichi, alikuwa anauzungusha mogo kwenye pilipili. Halafu akamgeukia baba yake.

"Baba, nilipovua kofia niliwatafuta. Nilimwona Mama tu."

"Nilikuwa nimesogea pale mlangoni, mwanangu, watu walisimama mbele yangu," Bahadur akasema. "Lakini nimeona kila kitu."

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Angenyamaza hapo! Lakini mwongo akishaanza huona raha, na yeye alitaka kumfurahisha mtoto, najua, alitaka kumpa kitu. Akaweka kikombe chini, akanyoosha mikono.

"Na lile pigo la mwisho, la kugonga mwamba! Ulivyojitupa pale golini, Naheed, moyo ulinitoka. Nikamwambia mlinzi, yule kipa ni binti yangu. Kama si wewe kuwepo, lile lilikuwa bao."

Ghulamabbas aligeuka akaenda kwenye jiko lake ambalo halikuwa na kitu juu. Kangethe, ambaye hajawahi kunyamaza tangu nimfahamu, alitazama sahani. Bahadur akatutazama mmoja mmoja, bado anatabasamu, hajui amesema nini.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua ni fupi kiasi kile.

"Sikuwepo golini, Baba," Naheed akasema, taratibu. "Golini hapakuwa na mtu. Kocha alishanitoa. Nilikuwa benchi."

"Alikutoa? Kwa nini akutoe? Umekosa nini?"

Hapo ndipo nilipomwona mwanangu anaelewa. Uso wake ulibadilika polepole. Kama ingekuwa ni mechi hii moja tu angekasirika, na kesho yangekwisha.

"Wananitoa kila tukiwa nyuma kwa bao moja," akasema. "Mwishoni. Kila mara. Tangu nikiwa na miaka kumi. Makipa wote hutolewa. Anayekaa mpaka mwisho hawezi kukosa kuona." Akasukuma sahani pembeni. "Ulikuwa unaniambia upo mlangoni. Hata mara moja, Baba? Hata moja tu hukuwahi kusimama?"

Bahadur alifungua mdomo. "Gari lilikuwa lina..." akasema, akaacha.

Ningetamani Naheed angelia, au angempigia baba yake kelele, ningejua pa kushika. Hakulia. Alimwomba Ghulamabbas amfungie chakula chake, akamshukuru kwa adabu, akaja akanibusu shavuni. Akamwambia Michelle leo analala kwao. Baba yake alipoinuka kuchukua lile begi kubwa la vifaa, Naheed aliwahi kulishika yeye, akalitupia begani, akatoka nalo. Kangethe akanitazama kama mtu anayeomba radhi msibani, akawafuata.

Uchungu nilionao siwezi kuuweka pembeni hata sasa ninaposimulia. Mtu amembeba mtoto miaka yote mgongoni, amemfikisha kila mahali, na hakumwona. Na mtoto miaka yote anacheza akijua pale juu, nyuma ya watu, pana macho ya baba yake. Hayakuwepo. Ukimwuliza Bahadur anampenda bintiye kiasi gani atakulilia, na hatakuwa anadanganya.

Tukapanda gari. Karibu na nyumbani tukasimama kwenye taa nyekundu, na Bahadur akapiga usukani kwa kiganja.

"Nawe Shahnaz," akasema, "nilikuuliza imeishaje. Ungeniambia tu kwamba kipa hutolewa. Ningejua la kumwambia."

Nilimtazama. Alikuwa amekasirika kweli, amenikasirikia mimi.

"Nikuambie ili iweje, Bahadur?" nikasema. "Hachezi tena."