Binti Yangu Anaongoza Okestra, Baba Yake Hataki Kupewa Mgongo

Mwanangu amefanywa kiongozi wa okestra! Si bendi ya dansi, ndugu zangu. Ni vinanda vya nyuzi na matarumbeta, wanaume wazima wenye ndevu, na hakuna anayethubutu kupuliza mpaka binti yangu ainue mkono.

Haya, salamu sasa. Wasomaji hamjambo? Mimi ni mama wa miaka hamsini na kidogo, mkulima katika kijiji cha ujamaa huku upande wa Nyansurura. Kusoma nimejifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo mkiona herufi zimelala mnisamehe. Jina langu mhariri alifiche. Binti nitamwita Bhoke.

Bhoke alifundishwa filimbi na masista shuleni, ile ndefu ya chuma inayoshikwa ubavuni mwa mdomo. Serikali ikampeleka Ulaya kuisomea. Aliporudi akaajiriwa Dar es Salaam kupuliza katika okestra, na kila likizo alikuwa anatupulizia hapa uani. Baba yake si mtu wa kuchekacheka, lakini filimbi ikianza anafumba macho. Mgeni akiuliza anajibu, "Huyo ni wangu. Pumzi hiyo ni ya kwetu." Siku hizo nilikuwa natembea kijijini kama nimebeba taa kichwani.

Mwaka jana akapandishwa kuwa kiongozi. Alipokuja likizo, mwalimu mkuu akamwomba aongoze kwaya ya shule mbele ya wazazi. Wazee wakawekewa viti mbele kabisa, ndiyo heshima yao, mume wangu katikati. Bhoke akawaamkia wote, shikamoo mmoja mmoja. Halafu akageuka. Akawapa wazee mgongo, akawatazama watoto, akatoa kijiti chake cha kuongozea, akakiinua juu.

Watoto waliimba mpaka nikalia. Nilipofuta macho, kiti cha mume wangu kilikuwa kitupu.

Nyumbani tulimkuta anafoka. "Mama Bhoke, binti yangu anipe mgongo mbele ya rika langu? Na fimbo ameinua!"

"Si fimbo, tata, ni kijiti," Bhoke akamwambia baba yake. "Nikiwageukia nyinyi, wanaoimba watanifuata vipi?"

"Mbona filimbi ulikuwa unapuliza unanitazama? Sasa wanasema umepanda cheo, na huna hata cha kupuliza! Unapunga mikono tu kama unafukuza ndege kwenye mtama."

Jamani! Mtoto amesoma miaka yote ile, anaambiwa anafukuza ndege. Ni kweli kwetu mtoto hampi baba yake mgongo mbele za watu, hata mimi nimelelewa hivyo. Lakini kazi yake ndivyo ilivyo, afanyeje?

Sasa okestra yake yote inakuja kwetu, kupiga siku ya kufungua ghala la kijiji. Nimeshatangaza nyumba kwa nyumba. Mume wangu anasema siku hiyo anakwenda kuchunga ng'ombe. Wazee wa rika lake nao wanasema asipokuja yeye hawaji. Nikamwambia basi tuweke viti vyenu upande wa pili, nyuma ya wapigaji, mtamwona uso. Akanijibu, "Nikae nyuma ya matarumbeta kama mpika pombe kwenye ngoma?"

Nikamwandikia Bhoke, mwanangu, siku hiyo puliza filimbi hata wimbo mmoja, baba yako aridhike. Akajibu, "Mama, nimehangaika sana kupewa kijiti hiki. Unataka nikiweke chini nyumbani kwetu?"

Nimechoka! Huyu mgumu, yule mgumu, wote kichwa kimoja, na mimi katikati nimebaki na mdomo wangu uliotangaza.

Jana, akiwa anafunga zizi, mume wangu akauliza bila kunitazama, "Hivi akiwa anapunga, uso wake huwa unakuwaje?"

Nikamwambia, "Unakuwa kama wako ulipokuwa unamsikiliza uani."

Akaendelea kufunga zizi.

Ndugu zangu, hasa nyinyi kina mama wenzangu, nipeni akili. Nimbembeleze tena binti ashike filimbi, au nikibebe kiti cha baba yake mimi mwenyewe, nikiweke kule nyuma ya matarumbeta, nione kama atakikalia? Nijibuni upesi. Na mlioko karibu, wa Nyambureti, wa Mugumu, hata wa Tarime, njooni mmwone mwanangu. Ni Jumamosi ya kwanza tukishamaliza kuvuna ulezi.