Mifupa niliyoachwa niilinde imezikwa tena

Nimeachwa nilinde mifupa, na imezikwa mbele ya macho yangu!

Mimi karani tu wa Kibaha. Leo nimefuatana na watafiti wa mambo ya kale hadi Mzenga. Wamefukua mifupa ya mpigania uhuru wa Msumbiji. Majasusi wa mafashisti wa Ureno walivuka mpaka wakamuulia huku. Waya aliofungwa nao bado uko mikononi, na ndio ushahidi wenyewe.

"Asiguse mtu," watafiti wakaniambia, wakaenda kula.

Wakaja wazee wa kijiji na majembe na sanda.

"Shikamooni. Samahani, hapa hairuhusiwi..."

"Marahaba. Babako ungemwacha hivi, uchi juani?"

"Hapana, mzee."



Wakamfunika sanda, wakafukia. Dua ikaanza, mikono ikainuka. Na yangu. Nikaitikia "Amina" kwa sauti.

Kugeuka, mtafiti mkuu kasimama nyuma yangu, chapati mkononi.

Ndugu wa marehemu wanafika kesho kuuona waya ule. Nikatumwa nikaombe tufukue tena.

Mzee akasema, "Hao ndugu zake ndio wataamua. Wewe nenda kale, umelinda vya kutosha."

Natakiwa kuandika barua ya kujieleza. Nyie mngeikatiza dua?